Blenda ya Rayya

Mbegu nilizileta ndani ya soksi, kutoka Wete:
pilipili mbuzi, kumi na saba, nilizihesabu mara tatu
kwenye choo cha ndege.
Zikaota kumi na moja. Hapa Saham udongo una chumvi,
kisima kila mwaka kinashuka pumzi moja,
lakini zikaota.

Mwezi wa tatu wakaja.
Chini ya majani, upande ambao mtu hautazami
mpaka apige goti:
vidukari, wa kijani, wametulia
kama wageni wa msiba waliosahau kuondoka.
Majani yakajikunja, ngumi za mtoto mchanga.

Nikashangaa. Mmea huu
unaniliza mimi, mwanamume wa miaka sitini na nne,
unamfukuza mbuzi,
na mdudu asiyefika punje ya mtama
anaunyonya kama maziwa.
Kumbe ukali wote umeuweka kwenye tunda;
shina lake ni maji matamu.
Nawajua watu wa namna hii.

Jirani yangu Humaid akaja na chupa yenye fuvu kwenye lebo.
"Kesho asubuhi huoni kitu."
Kweli. Shambani kwake huoni kitu,
si kidukari, si nyuki,
na Shofiqul, kijana wake anayebeba bomba mgongoni
na kitambaa tu puani,
aliniambia jioni ulimi wake huonja sarafu.
Chupa niliishukuru. Nikairudisha.

Nyuma ya msikiti upo mwarobaini.
Hapa wanauita shereshi, wanaegesha magari kivulini mwake,
kisha wanalalamika matunda yanachafua vioo.
Nikaokota nusu ndoo, kokwa za kiangazi kilichopita,
zimekauka zenyewe pembeni mwa ukuta.
Kinu hatuna.
Nikazisaga kwenye blenda ya Rayya.

(Hapa shairi lingekoma, kwa usalama wangu.)

Kokwa konzi tano. Maji ndoo moja. Usiku kucha.
Asubuhi chuja kwa kitambaa, changu kilikuwa kilemba cha zamani,
kuna sabuni ya kipande, kijiko,
dawa ishike jani, isiteleze.
Mara ya kwanza nilinyunyiza saa sita mchana.
Jua la Batina halina utani: majani yakababuka,
miche miwili ikanifia mikononi
si kwa wadudu, kwa papara.
Sasa nangoja alasiri ipite.

Na usidhani wanakufa. Hilo ndilo lililonichosha.
Siku ya kwanza wapo, ya pili wapo,
Humaid anachungulia juu ya ukuta, anacheka.
Dawa hii haina pigo. Inamsahaulisha mdudu njaa.
Anakaa juu ya jani kama mtu
aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.
Anashindwa kujivua gamba, anashindwa kukua,
na siku ya tisa upepo unapeperusha ngozi tupu, nyeupe.
Sijapata kuona vita vya upole namna ile,
wala sina hakika kama ni upole.

Ijumaa Rayya akasaga maembe kwa ajili ya wageni wa Sohar.
Mwarobaini hautoki kwa maji ya moto, wala kwa ndimu.
Shangazi yake, Bi Ghaniya, akameza funda moja, akanyamaza,
akaitua glasi polepole
kama anayetua yai.
Hakuna aliyegusa tena. Hata mkate wa ufuta ulibaki.
Rayya akanitazama kutoka ng'ambo ya mkeka.
Nikayaelewa maisha ya kidukari.

Siku hizi nina blenda yangu, ya mtumba, inalala bandani.
Leo tumechuma konzi ya kwanza,
za manjano, zimekunjamana kama vikongwe wanaocheka.
Humaid akaja kuuliza nimetumia dawa gani.
Nilitaka kumjibu: pilipili usiyoila yakuwashiani?
Lakini alikuwa keshaila, machozi yanamchuruzika,
na mkononi kashika ndoo tupu.